Toleo Jipya Likifika Mwanjelwa

Kila toleo jipya la programu huria (iliyo wazi kwa yeyote kuitumia na kuibadilisha) linapotoka, watu hulalamika. Na kila wanapolalamika, huzuka wengine wa kuwaambia wanyamaze: programu ni ya bure, hukutoa hata senti, kama huipendi rudi ulikotoka. Maneno hayo nimeyasikia miaka yote niliyoendesha steshenari hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya, kompyuta zote za dukani zikiwa za Linux, mfumo huria unaoendesha kompyuta badala ya Windows, na sijawahi kuyakubali. Mtu anayechapa barua, risala na kadi za michango kutwa nzima kwa programu moja ameshailipia. Amelipa kwa kujifunza. Vidole vyake vimeijua programu kiasi kwamba anaongea na mteja huku kazi inaendelea. Toleo jipya likihamisha kitufe kimoja tu, mtu huyo anarudishwa kuwa mwanafunzi mbele ya foleni, na ana haki ya kulisema hilo.

Lakini lalamiko lina namna yake na lina wakati wake, na kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, wakati ndio uliokuwa ukituponyoka.

Nilianza na Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, toleo la 10.04, lile la Aprili 2010. Mashine zilikuwa za mtumba, Pentium 4 zilizokuja kwa makontena, nzito, zenye RAM ya megabaiti 512, na Linux ndiyo iliyozifanya zifae kazi. Toleo lile lilihamisha vitufe vya kufunga na kushusha dirisha kutoka kulia kwenda kushoto. Mama mmoja aliyekuja kusoma barua pepe ya mwanawe alinyanyuka kitini akaniambia, "Mwanangu, mashine yako imeingia virusi." Nilikaa kwenye kiti chake nikamwuliza, "Shikamoo mama. Ulikuwa unataka kufanya nini?" Akasema alitaka kufunga tu, awahi gari la Tukuyu.

Swali hilo ndilo nimelitumia kuliko lolote tangu hapo. Anayesema virusi, anayesema imeharibika, anayesema vitu vimefutika, wote wanakuletea habari moja: palikuwa na njia hapa, leo haipo. Ukimwuliza mashine ina nini, atakutajia asichokijua. Ukimwuliza kazi yake, atakuonyesha kwa kidole mahali penyewe palipobadilika.

Mwaka 2011 ndio uliokuwa wa kelele kubwa duniani. Aprili ya mwaka huo GNOME 3, sura ya Linux (madirisha na menyu unazoziona kwenye skrini), ilitoka, ikaondoa menyu iliyozoeleka na ule mkanda wa chini uliokuwa ukionyesha madirisha yaliyo wazi. Mwezi huohuo Ubuntu 11.04 ikaja na Unity, yenye safu ya ikoni kubwa upande wa kushoto. Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha Linux, aliisema GNOME 3 hadharani na kuhamia sura nyingine, Xfce, kwa muda. Huyuhuyu ndiye aliyekuwa ameiacha KDE, sura nyingine tena, kwa sababu ya toleo la 4.0 la Januari 2008, lililofika kwa watu wengi likiwa bado bichi ingawa wasanidi, yaani waliolitengeneza, walikuwa wameonya kwamba halijawa la kila mtu. Mtumiaji mmoja wa Argentina yeye alikwenda mbali zaidi ya kulalamika: alichukua msimbo wa GNOME 2 akauendeleza, ikazaliwa MATE. Watu wa Linux Mint, mfumo mwingine wa Linux, nao wakaanza kujenga sura yao, Cinnamon.

Sisi Mwanjelwa hatukuwa na habari. Ubuntu 10.04 kwa kompyuta za mezani ilitunzwa kwa miaka 3, na kwa bei za bando za wakati ule hakuna aliyeona sababu ya kupakua mfumo mzima kila baada ya miezi 6. Tulikaa nayo mpaka 2013. Nilipofungua Ubuntu 12.04, yenye Unity ileile, kwenye mashine moja ili wachapaji waionje, ile hasira ya 2011 ikaanza upya hapa dukani, mbichi kabisa, ilhali kwa wenzetu ilikuwa imeshapoa na kila mtu ameshachagua upande wake. Safari ile uchelewaji ulitufaa. MATE ilikuwa tayari, tukaweka Linux Mint 13, mkanda wa chini ukarudi mahali pake, na asubuhi iliyofuata kazi zikaendelea kama kawaida.

Kwenye GIMP, programu ya kurekebisha picha, uchelewaji huohuo ulituumiza.

Picha za paspoti ndizo zinazolipa kodi ya duka. Mteja anakaa kwenye stuli mbele ya kitambaa cha bluu, unampiga picha, unaifungua kwenye GIMP, unaikata, unasawazisha mwanga, unaprinti. Wengi siku hizi karatasi pekee haiwatoshi, wanataka na faili, kwa sababu maombi ya kazi na ya vyuo yanajazwa mtandaoni na fomu inadai picha ya aina ya JPEG isiyozidi ukubwa fulani. Kwenye GIMP 2.6 mchapaji wangu alikuwa anairekebisha picha, anabonyeza Ctrl na S, kinatokea kisanduku kidogo cha ubora wa picha, anapiga Enter, basi. JPEG imekaa. GIMP 2.8, iliyotoka Mei 2012, ikatenganisha mambo mawili yaliyokuwa pamoja. Kusevu sasa kulimaanisha kusevu kwa XCF, faili la GIMP lenyewe. Ukitaka JPEG au PNG, inabidi ueksipoti, na hiyo ni amri nyingine kabisa. Kwetu toleo hilo lilifika 2014, ndani ya Linux Mint 17.

Ilikuwa msimu wa maombi, duka limejaa. Mchapaji alimtengenezea kijana mmoja picha yake, akabonyeza Ctrl na S, kikatokea kisanduku chenye jina la faili, akapiga Enter kama alivyokuwa akipiga kila siku, akamwekea kwenye flashi. Kijana akaenda nayo intaneti kafe ya jirani, fomu ikaikataa. Akarudi. Mchapaji akafungua flashi, akaikuta picha, akaibofya ikafunguka vizuri. "Mbona ipo, kaka?" Kijana akaenda tena, ikakataliwa tena. Mara ya mwisho alirudi na nduguye wa kumsaidia kugomba. Nilipofika mimi, mchapaji, dada wa watu, alikuwa ameweka mikono mapajani, hataki hata kuigusa kibodi. Akaniambia, "Kaka, mimi nimesevu. Nimesevu vizuri kabisa. Njoo uangalie mwenyewe." Na kweli alikuwa amesevu. Faili lilikuwa pale, jina lake linaishia na .xcf, na kwenye mashine yetu lilikuwa linafunguka kwa sababu mashine yetu ina GIMP.

Sababu ya wasanidi naijua, na naiheshimu. JPEG hubana picha kwa kutupa baadhi ya taarifa zake, tena haibebi matabaka, yale maandishi na picha zinazopangwa moja juu ya nyingine. Mtu aliyehangaika na kazi siku nzima, akaihifadhi kwa JPEG na kufunga, amepoteza matabaka yote na hawezi kuyarudisha. Walitaka kumlinda mtu huyo. Faida yake tuliiona wenyewe kwenye kadi ya sendofu: familia ilibadilisha ukumbi dakika za mwisho, mchapaji akafungua XCF, akagusa tabaka la maandishi peke yake, kadi ikatoka mpya bila kuanza mwanzo. Aliikubali faida hiyo bila kinyongo. Na bado akasema kwamba picha ya paspoti haina tabaka lolote, inaondoka na mwenyewe baada ya dakika chache, na kwa kazi hiyo amri mpya inamwongezea mzigo bure.

Yote mawili ni kweli. Malalamiko mengi mazuri niliyoyaona yako hivyo: hayapingi wazo la msanidi, yanamwonyesha kazi ambayo hakuwa akiiona alipokuwa anaamua.

Nikakaa kuwaandikia wasanidi wa GIMP. Kabla sijamaliza nikatafuta kama wapo walioandika kabla yangu, nikakuta maneno yaleyale tangu 2012, mengine ya adabu, mengine matusi matupu, na majibu yameshatolewa: uamuzi umepita. Hapakuwa na pa kuongeza neno. Kilichobaki ni kujisaidia. GIMP inaruhusu kubadilisha vitufe vya mkato, kwa hiyo kwenye mashine ya picha nikaipa Ctrl na S kazi ya kueksipoti, na kwenye mashine ya kadi nikaiacha kama ilivyo. Duka likatulia. Mimi sikutulia. Tulikuwa na hoja nzuri, ina kazi ya kila siku nyuma yake, na imefika miaka 2 baada ya mlango kufungwa.

Watu wanaposema watumiaji wamelipokea toleo fulani vizuri au vibaya, watumiaji wanaosikika ni wale wanaosasisha siku ya kwanza. Hao wana intaneti ya kudumu, wana mashine mpya, na wengi wao ni watu wa kompyuta. Anayetumia programu hiyohiyo kwa kulisha watoto Mafinga, Makambako au Tunduma analiona toleo mwaka mmoja au miwili baadaye, likiwa limeingizwa kwenye mfumo unaotunzwa kwa muda mrefu. Akiguna, anaonekana anarudisha ugomvi uliokwisha.

Baada ya tukio lile la picha nikaanzisha kaunta buku, lipo mpaka leo mezani karibu na mashine ya laminesheni. Kila ukurasa una mistari iliyochorwa kwa rula: tarehe, programu na namba ya toleo, ulikuwa unataka kufanya nini, zamani ulifanyaje, sasa kimetokea nini. Wachapaji wanaandika kwa Kiswahili chao, hata kwa hasira zao, na jioni nasoma. Sijaweka sehemu ya maoni, kwa sababu nimeona maoni yanakuja yenyewe ndani ya maelezo ya kazi na yakija hivyo yanakuwa na uzito.

Mfano ni GIMP 2.10 ya Aprili 2018. Ilikuja na sura nyeusi na ikoni za rangi moja. Mchapaji aliandika: "Ikoni zote zimekuwa za kijivu, mkasi siuoni, macho yananiuma." Ukiusoma mstari huo haraka utasema ni mtu asiyependa mabadiliko. Nikaenda kukaa kwenye kiti chake saa kumi alasiri. Skrini ile ni ya mtumba, imefifia. Mlango wa duka uko wazi muda wote kwa sababu ya wateja, jua la alasiri linaingia moja kwa moja na kupiga kioo. Kwenye mwanga huo sura nyeusi inakuwa ukuta mmoja, na ikoni ya kijivu juu yake huioni mpaka usogeze pua. Sura ile inamfaa mpiga picha aliye ndani ya chumba chenye giza na skrini nzuri. Haimfai mtu wa steshenari yenye mlango wazi. Bahati nzuri wasanidi walikuwa wameacha sura nyepesi na ikoni za rangi ndani ya mapendeleo, nikazirudisha palepale. Lakini fikiria kama wangeziondoa kabisa, na ripoti pekee waliyonayo ni ya mtu aliyeandika "mpya ni mbaya." Hiyo haimwambii msanidi kitu. Jua la saa kumi linamwambia.

Walioelewa vizuri suala la kuacha njia ya zamani wazi ni watu wa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi. Walipotengeneza sura ya vichupo, ile inayofanana na Microsoft Office, waliijaribisha kwanza katika toleo la 5.3 la mwaka 2017, wakaikamilisha katika 6.2 ya Februari 2019, na hata hapo wakaiacha menyu ya kawaida kuwa ndiyo unayoikuta ukifungua mara ya kwanza. Anayetaka vichupo anachagua. Nina mwalimu wa Rungwe anayekuja kutayarishia mitihani hapa, alijifunza kwa Microsoft chuoni, yeye ana vichupo kwenye akaunti yake. Wachapaji wana menyu. Mashine moja, na hakuna aliyewahi kuandika lolote kuhusu hilo kwenye kaunta buku. Mwalimu alishtuka mara moja tu, mwaka 2024, LibreOffice iliporuka kutoka 7.6 kwenda 24.2. Akanipigia simu: "Mwanangu, mbona nimeachwa nyuma hivi? Matoleo yote hayo yalitoka lini?" Nikamweleza kwamba sasa wanahesabu kwa mwaka na mwezi, 24.2 ni Februari 2024, hajapitwa na kitu. Akacheka, akakata.

Sauti nayo ina habari zake. Kwaya moja ya Uyole hurekodi mazoezi kwa Audacity, programu ya sauti, na kuniletea nisafishe. Kabla ya toleo la 3.0, Audacity ilikuwa inaweka kazi katika faili dogo la .aup pamoja na folda ya vipande vya sauti pembeni yake, na kijana wa kwaya alikuwa anakuja na lile faili dogo peke yake, folda imebaki kanisani. Nauli ya kurudi Uyole, muda, na ibada ni kesho. Toleo la 3.0 la Machi 2021 likaunganisha vyote kuwa faili moja la .aup3. Nililifurahia sana. Kwaya haikulifurahia hata kidogo, kwa sababu kompyuta yao ilikuwa na Audacity 2, ambayo haiwezi kufungua .aup3, kwa hiyo kazi niliyoisafisha hawakuweza kuiendeleza wenyewe. Toleo lililonimalizia tatizo liliwapa wao tatizo jipya. Niliyaandika yote mawili kwenye ukurasa mmoja, na ilibidi niendelee kuwapelekea faili la WAV, la sauti tupu, mpaka tulipoitengeneza mashine yao.

Rafiki yangu wa Miyomboni, Iringa, anayetengeneza stika za bodaboda, alikutana na Inkscape, programu ya kuchora, toleo la 0.92, mwaka 2017. Toleo hilo lilibadilisha kipimo cha ndani kutoka nukta 90 kwa inchi kuwa 96. Ukifungua faili la zamani linakuuliza kama kazi ni ya skrini au ya kuchapwa. Kijana wake alijibu ya skrini, na stika ya sentimita 16 ikatoka ya 15. Mteja aliigundua kwenye tangi la pikipiki, haikufunika mikwaruzo aliyotaka ifunike.

Nirudi kwenye wakati, maana ndio moyo wa jambo hili. Juni 2019 Canonical, wenye Ubuntu, walitangaza kwamba toleo la Oktoba mwaka ule, 19.10, litaachana kabisa na vifurushi vya biti 32, yaani programu za aina ya zamani. Wacheza gemu walisimama, Valve wenye duka la gemu la Steam wakasema hawataliunga mkono toleo hilo, na ndani ya siku chache Canonical wakageuza uamuzi, vifurushi muhimu vikabaki. Miezi minne kabla ya toleo. Miaka miwili baadaye, Mei 2021, Audacity ilipopata mwenye mali mpya, Muse Group, likaja pendekezo la kukusanya taarifa za matumizi kupitia huduma za Google na Yandex. Watumiaji walilikataa lingali pendekezo, na mpango huo ukaachwa. Kelele hizo zilifanya kazi kwa sababu zilifika mapema, na kwa sababu waliozipiga walieleza wazi wanapoteza nini.

Sasa linganisha na mashine zangu za mwanzo, Pentium 4 chache zilizokuwa bado hai. Zenyewe hazikuhusika na ushindi ule wa 2019: kilichookolewa kilikuwa cha kuendeshea programu za biti 32 kwenye mashine za biti 64, na diski ya kusakinishia mfumo wa biti 32 Ubuntu walikuwa wameshaiondoa tangu 17.10. Linux Mint 20 ya Juni 2020 ikaja ya biti 64 tupu. Gemu zilikuwa na kampuni kubwa ya kuzisemea. Mashine za mtumba za Mbeya hazikuwa na mtu. Tukabaki na Mint 19 mpaka matunzo yake yalipokwisha 2023, tukahamia tawi la Mint linalojengwa juu ya Debian, mfumo mwingine wa Linux, lililokuwa bado linazipokea. Debian 13 ya Agosti 2025 imefunga mlango huo, na mashine zenyewe nimezistaafisha kwa heshima zote. Sidai kwamba wangezitunza milele. Nasema tu kwamba wakati wanapima faida na hasara, upande wa hasara ulikuwa na kurasa chache kuliko ilivyostahili, na kurasa hizo tulikuwa nazo huku.

Kwa hiyo tulibadilisha utaratibu. Programu kubwa hutoa matoleo ya majaribio wiki au miezi kabla ya toleo lenyewe, kwa nia ya kusikia. Nimetenga mashine moja pembeni, haigusi kazi ya mteja. Toleo la majaribio likitoka napakua usiku kwa bando la usiku, na mchana wateja wakipungua mchapaji anakaa pale na kufanya kazi aliyoifanya asubuhi, ileile, kwa toleo jipya. Linalomkwaza anaandika kwenye kaunta buku. Ninachofanya mimi ni kulitia kwenye Kiingereza, kuweka namba ya toleo na hatua moja moja, na kulipeleka kwenye mfumo wa ripoti wa mradi husika. Lugha ni kikwazo kikubwa na sioni aibu kulisema: mchapaji wa Mbarali au Ileje ana hoja kamili na hana pa kuipeleka kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitupatia Jambo OpenOffice, menyu kwa Kiswahili. Natamani juhudi kama ile izaliwe tena kwa upande wa kusikiliza, vijana wa vyuo vya hapa Mbeya na Iringa wakipokea malalamiko ya maduka na kuyapeleka.

Matusi siyapeleki. Mengi ya yanayoandikwa kule yanaandikiwa watu wanaofanya kazi hiyo bila mshahara, usiku, wakiwa wametoka kazini kwao. Mchapaji akiandika kwa hasira, hasira yake naiheshimu kama alama kwamba kazi yake imeguswa, natafuta kilichoguswa, na hicho ndicho kinachokwenda.

GIMP 3.0 ilitoka tarehe 16 Machi 2025. Safari hii ilitukuta tayari, kwa sababu toleo la majaribio lililokaribia kukamilika tulikuwa nalo tangu Novemba 2024. Kitu cha kwanza kugoma kilikuwa skripti yetu, programu ndogo ya kupanga picha 8 za paspoti kwenye karatasi moja. Tuliiandika kwa lugha ya Python 2 ya zamani, na 3.0 imeachana nayo pamoja na njia nyingi za ndani ambazo skripti za 2.10 zilizitegemea. Hilo wasanidi walilitangaza wazi na wakaweka mwongozo wa kuhamisha, kwa hiyo halikuwa la kuripoti, lilikuwa la kufanyia kazi, na tulilifanyia kazi wakati hakuna mteja aliyesimama mbele yetu anasubiri.

La pili lilikuwa jema. Kwenye 3.0 ukirekebisha picha kwa kichujio, marekebisho yanabaki kama kitu unachoweza kukifungua tena na kukibadilisha, picha ya chini haijaguswa. Mchapaji alimng'arisha mteja uso, mteja akasema amezidi kuwa mweupe, akarudi kwenye marekebisho yaleyale na kuyapunguza. "Kaka," akaniambia, "hii andika. Hii waambie wasiiondoe." Nikamwambia aandike yeye, kwa sababu ndiye aliyeifanya. Aliyeridhika kwa kawaida hukaa kimya, na kitu ambacho hakuna anayekisemea kinaweza kuondolewa kwa kudhaniwa hakitumiki. Aliandika mistari yake, nikaitia kwenye Kiingereza, ikaenda pamoja na mingine miwili ya malalamiko.

Mashine nyingine za picha bado zina 2.10. Zitabaki nayo mpaka msimu wa maombi ya mikopo upite na foleni ipungue, ndipo nitaanza na ya mlangoni, ile inayopigwa na jua.